Saa, Masaa na Marafiki Wabishi

Ubishi wa siasa una mwisho wake. Uchaguzi unapita, aliyeshindwa ananuna kwa muda, kisha watu wanarudi kwenye shughuli zao. Ubishi wa mpira nao una matokeo: dakika tisini zikiisha, bao ni bao. Ubishi wa maneno, hasa ukiwa na marafiki wa aina niliyojaliwa mimi, hauna kipenga cha mwisho. Neno linaahirishwa, linasahaulika, halafu miezi mingi baadaye linafufuka katikati ya mazungumzo yasiyohusiana nalo hata kidogo, na mwenye hoja anaanzia pale pale alipoachia.

Nadhani ni kwa sababu lugha ni mali ambayo kila mtu anajua ana fungu lake. Injini ikigoma, watu wananyamaza na kumsubiri fundi. Daktari akitaja jina la ugonjwa, tunaitikia kwa kichwa. Neno likizuka, sijapata kumsikia mtu akisema "hapo mimi sina utaalamu." Sote tulianza kusema kabla meno hayajatimia mdomoni, na sote tuna mashahidi: bibi alitamka hivi, mwalimu wa darasa la nne alichapa watu kwa kusema vile. Katika kundi letu yumo mhariri, yumo mwalimu, yumo wakili, na yumo mmoja ambaye kazi yake haigusi maneno kabisa lakini ndiye mbishi kuliko wote watatu wakijumlishwa.

Neno lililotumaliza muda mrefu kuliko yote ni "masaa".

Mhariri hataki kulisikia. Kwake saa ni saa, iwe moja, ziwe ishirini na nne; imo kwenye ngeli moja na kalamu na nyumba, na kama husemi "makalamu mawili" basi usiseme "masaa mawili." Kwa mujibu wa kamusi yuko sahihi, wala hakuna aliyembishia hapo. Tulimbishia mahali pengine. "Na rafiki je?" Maana wapo wanaosema "rafiki zangu", wapo wanaosema "marafiki zangu", na yeye mwenyewe akiandika huweka "marafiki" bila kutetereka. Akasema hao ni watu, na watu wana kanuni zao. Haya, tukamwachia watu. Lakini kiambishi ma- kimepokea maneno mengi ya kuja, ya watu na ya vitu, tangu madaktari hadi magari na maduka, yakatulia kama yamezaliwa humu. Kwa nini mlango ufungwe saa ilipofika kizingitini?

Hoja iliyonifanya nikae sawa ilitoka kwa mwalimu, ambaye kwa kawaida huwa upande wa mhariri. Alisema: chukua sentensi "Daktari atafika baada ya saa mbili." Mgonjwa aelewe nini? Asubiri kwa muda wa saa mbili, au asubiri mpaka mshale upite saa mbili asubuhi? Kiswahili kinatumia jina lile lile kwa kipimo cha muda na kwa wakati unaosomwa kwenye saa. "Nilikusubiri saa nne" ina njia mbili. "Nilikusubiri masaa manne" ina moja tu. Kwa hiyo hili neno linaloitwa kosa linafanya kazi ambayo neno sahihi haliwezi kuifanya bila kusaidiwa.

"Basi sema 'kwa muda wa saa nne'," mhariri akajibu. "Utakufa?"

Hakuna atakayekufa, ni kweli. Ila watu wanaposema kila siku hawapendi kubeba maneno matatu pale ambapo silabi moja inatosha, na nadhani ndiyo maana "masaa" haijang'oka pamoja na kusahihishwa kote huko. Mimi nikiandika naweka saa, nikisema inanitoka masaa, na sioni aibu kwa lolote kati ya hayo mawili. Mhariri anauita msimamo huu unafiki.

Kila ubishi wa aina hii ukikomaa, lazima atokee wa kusema "tufungue kamusi." Sina ugomvi na kamusi, ninazo, na nazifungua hata pasipo ubishi. Kinachonikera ni namna inavyoletwa, kana kwamba imeshuka. Kamusi iliandikwa na watu waliokaa wakachagua, na walichochagua kina tarehe. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alikusanya maneno yake zaidi Mombasa, na kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki, imejaa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kisha ukaja mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambako iliamuliwa kwamba Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye ambaye jina lake liko kwenye kamusi ya mwaka 1939 iliyotumika kwa miongo mingi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 1981.

Maana yake ni hii: "macho" ni sanifu na "mato" ni lahaja kwa sababu ya uamuzi uliopitishwa na watu, wala si kwa sababu wenye macho wanaona mbali kuliko wenye mato. Mvita akikuita "ndoo!" anataka umsogelee, wewe wa Kiswahili cha shule unageuka kutafuta chombo cha maji. Kura ingeanguka upande wa pili mwaka ule, leo mhariri wetu angekuwa anakata "njoo" kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa lazima lahaja moja ichaguliwe ili vitabu vichapwe, na nashukuru ilichaguliwa. Ila mtu akiniambia "kamusi imesema", mimi husikia "kamati ilikubaliana", na hapo naweza kuheshimu bila kupiga magoti.

Silaha nyingine, na hii ndiyo anayoipenda yule mbishi asiye na kazi ya maneno, ni asili ya neno. Siku moja alitushukia na "hayati". Hayati, akasema, kwa Kiarabu ni uhai. Sasa mnamwitaje mtu aliyezikwa uhai? Semeni marehemu, yaani aliyerehemiwa, na hata hilo ni dua kuliko taarifa. Aliongea kwa uchungu, ungedhani kuna aliyemtukana marehemu wake.

Nilikaa upande wa pili. Neno likishaingia kwenye lugha linaanza maisha mengine, na asili yake inabaki kuwa historia nzuri ya kusimulia. "Hayati" kwa watu wengi sasa ni heshima wanayopewa viongozi na watu mashuhuri waliotangulia, na "marehemu" ni ya sisi wengine. Hakuna sheria iliyolitaka hilo, ni mazoea yamejijenga. Kama asili ndiyo hakimu, basi tuanze na "kufariki", ambayo kwa asili yake ni kuachana, kutengana. Ndiyo maana husemwa "amefariki dunia", ameachana na dunia. Leo "amefariki" inajitosheleza. Kwa kanuni ya rafiki yangu, wanandoa wakipeana talaka tuandae sanda mbili. Alicheka, lakini hakukubali.

Maneno mengine yamehama mbali zaidi. "Siasa" katika kamusi za zamani ina maana ya upole, utaratibu, busara ya kuendesha mambo. Mtu aliweza kuambiwa afanye jambo "kwa siasa", yaani taratibu, bila kuvunja. Mwambie mtu hivyo leo atakuuliza unagombea nini. Lakini linalonivutia kuliko hilo ni "bepari", kwa sababu lilizaa ubishi ambao hadi leo sijui kama ulikuwa wa neno au wa jambo lenyewe.

Bepari, neno lenye asili ya Kihindi, lilikuwa mfanyabiashara tu, mchuuzi mwenye mtaji. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, na jina lake likawa "Mabepari wa Venisi". Mwalimu wetu anasema hapo hakuna fumbo: mtafsiri alitumia neno kwa maana yake ya zamani, nayo ilikuwepo, inasomeka kwenye kamusi. Mhariri anasema mwalimu anajifanya hajui tarehe. Azimio la Arusha, lililotangaza ujamaa, lilikuwa mwaka 1967. Miaka miwili baada ya Azimio, nani Tanzania aliyesikia "bepari" akamfikiria muuza vitambaa mpole? Na aliyekuwa mstari wa mbele kuutangaza ubaya wa ubepari ni nani, kama si mtafsiri mwenyewe? Isitoshe, "mfanyabiashara" lilikuwepo, halikuchukuliwa. Tena jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja. La Kiswahili lina wengi. Huyo wa pili ni nani? Shylock mkopeshaji? Au mji mzima?

Mimi naona wingi ule ndio unaosema zaidi kuliko neno lenyewe. Umoja ungemwonyesha mhusika mmoja, Antonio, mtu mwenye jina. Wingi unaonyesha tabaka. Mwalimu wetu anadai nasoma nia ya mtu kupitia kiambishi, na labda ndivyo. Lakini mtu ambaye aliandika na kuhutubia kwa Kiswahili kwa kiwango kile, sioni ni vipi angeliweka neno hilo juu ya jalada bila kusikia mwangwi wake.

Wapo wanaoona mabishano yote haya ni kupoteza muda, kwamba tukifafanua maana hakuna kitakachobaki cha kubishania. Hoja yao ina mtetezi mkubwa. Mwanafalsafa wa Marekani, William James, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1907, anasimulia kwamba alikuwa na wenzake milimani, akarudi kutoka matembezini akawakuta wamegawanyika. Kindi yuko kwenye shina la mti. Mtu yuko upande wa pili. Mtu anauzunguka mti ili amwone kindi, kindi naye anahama kwa kasi ile ile, kila mara shina liko katikati yao. Mtu ameuzunguka mti, hilo halina ubishi. Je, amemzunguka kindi? James akawaambia inategemea kuzunguka ni nini kwenu. Kama ni kupita kaskazini yake, kisha mashariki, kusini na magharibi, amemzunguka. Kama ni kuwa mbele yake, kisha kuliani, nyuma na kushotoni, hajamzunguka, maana kindi amempa tumbo muda wote. Wengi waliridhika. Mmoja au wawili waliokuwa wamepandwa na moto walisema huko ni kukwepa swali, na mimi nawaelewa sana hao.

Dawa ya James inafanya kazi kwa maneno kama "kuazima". Uliza "nani aliyeazima hiki kitabu?", na mwenye kitabu anaweza kuitika, aliyekichukua naye akaitika, wote wawili wakisema kweli, kwa sababu neno hilo hilo ni kutoa kwa muda na ni kuchukua kwa muda. Ukishaligundua hilo, ugomvi unayeyuka.

Lakini nenda kwa "kukodi" na "kukodisha" uone. Kukodi ni kuchukua kwa malipo, kukodisha ni kutoa kwa malipo, na mitaani watu wengi wanasema "nimekodisha gari" wakiwa ndio waliolichukua. Wakili wetu hana shida na hilo barazani. Mazungumzo yanajirekebisha yenyewe. Shida yake ni karatasi. Mkataba ukiandika "gari lililokodishwa na mhusika wa pili", mhusika wa pili ni mwenye gari au ni mpanda gari? Siku gari likigonga ukuta, hilo si swali la sarufi tena, na kusema "inategemea mnamaanisha nini" hakumsaidii yeyote, kwa kuwa sasa kila mmoja ana sababu ya kumaanisha kinachomfaa. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani ililazimika kuamua kama nyanya ni tunda au mboga, kwa sababu sheria ya ushuru ya mwaka 1883 ilitoza mboga zinazoingizwa nchini, na waagizaji walidai zao ni matunda. Kamusi zilisomwa mahakamani. Majaji wakakubali kwamba kwa wataalamu wa mimea nyanya ni tunda, kisha wakaamua kwa lugha ya watu wa kawaida, wanaoiita mboga. Waagizaji wakashindwa. Mhariri wetu haipendi kesi hii hata kidogo.

Nikubali kwamba tuna tabia mbaya. Mtu anasimulia jinsi alivyokosa basi, sauti inapanda, mikono inapaa, ndipo mmoja anachomeka: "Si 'sisi wote', ni 'sisi sote'." Hadithi inafia hapo. Kama kosa halikukuzuia kuelewa, limeze mpaka mwenzako amalize. Na kuna nyakati, msiba kwa mfano, ambapo hata baada ya kumaliza hutakiwi kulitema.

Ubishi ambao mimi niko tayari kuharibu nao jioni ya watu ni wa aina moja: neno linapotumika kumwondoa mtu kwenye sentensi.

Chukua "ilipelekea". "Uzembe ulipelekea vifo." Wanaolipinga husema kupelekea ni kumpelekea mtu kitu, mzigo au salamu, na kwamba tuna "kusababisha" na "kuleta". Sawa. Mimi naona tatizo zaidi ya hilo: "ilipelekea" ni laini mno. Inalifanya jambo lionekane limeteremka lenyewe mlimani. "Kusababisha" inabana, ukiisema, msikilizaji anauliza ni nani. Hivyo hivyo na "kuweza" inayochomekwa kila mahali, mpaka unasikia kwamba dereva "ameweza kugonga watu watatu", kana kwamba alijitahidi na Mungu akamjalia.

Halafu "changamoto". Neno hili lilikuwa na uhai: jambo linalokuamsha, linalokupa hamu ya kujipima. Mlima ni changamoto kwa mpandaji. Leo bomba likipasuka ni changamoto, fedha zikipotea ni changamoto, mgonjwa akikosa dawa "amekutana na changamoto". Mwalimu ananiambia maana imehama tu, kama ilivyohama siasa, na mimi niliyetetea hayati sina haki ya kulalamika. Ni hoja nzuri. Jibu langu ni kwamba hayati ilipohama haikumfaidisha mtu kwa hasara ya mwingine. Changamoto ilipohama iliua "tatizo", "kosa" na "uzembe" kwa mpigo mmoja, na wanaoipenda kuliko wote ni wale ambao kazi yao ilikuwa kuzuia hayo matatu. Ukisema tatizo, kuna anayetakiwa kulitatua. Ukisema changamoto, anayetakiwa kujikaza ni yule aliyepatwa.

Na "wahanga wa mafuriko". Mhanga ni kafara. Anayejitoa mhanga amechagua. Aliyekutwa na maji kitandani usiku hakuchagua chochote. Wengi wamehamia "waathirika", na wasomaji wa magazeti ya Kenya wamezoea zaidi "waathiriwa". Hapa ndipo ubishi wetu ulipokuwa mtamu kuliko siku zote, kwa sababu tofauti ni ya herufi moja lakini ina uzito. Mlango uliovunjika umevunjika, huenda ni upepo. Mlango uliovunjwa una mvunjaji. Kwa hesabu hiyo waathirika wa mafuriko ni sawa kabisa, maana maji hayana nia. Lakini waliotapeliwa, waliopigwa, waliofukuzwa kwenye ardhi yao? Hao wana mtu aliyewafanyia hivyo, na ningependa herufi ile moja imtaje. Wakili alikubaliana nami mara moja, jambo la nadra. Mhariri alisema ni kuichunguza lugha mpaka unaikosesha pumzi, kwamba msomaji wa kawaida hasikii tofauti hiyo. Inawezekana hasikii. Hata hivyo, mhariri mwenyewe sasa anaandika "waathiriwa wa utapeli". Nimemwona, na sijamwambia.

Kwa sasa tuko kwenye "mubashara". Mhariri analitumia kwa matangazo ya papo hapo. Mwalimu anauliza "moja kwa moja" ilikosea wapi hata ikaachwa. Mimi nalipenda kwa sababu "moja kwa moja" inabidi pia ituelekeze barabarani na kueleza safari isiyobadilishwa basi, imechoka. Yule mbishi wetu hajatoa msimamo. Amesema kuna mtu anamjua anayesoma Kiarabu vizuri, amemtumia ujumbe, na anasubiri majibu.